Saba Yenye Mkanda

Neno la kwanza la Kichina nililolijua maishani mwangu, sikujua kwamba ni Kichina. Nililisikia kama tusi, nikalibeba kama tusi, na kabla sijafunguka macho nilikuwa nimeshaandika barua iliyomtoa mwanamke mmoja katika mgahawa wake kule Louisville, huku Marekani. Mwanamke huyo alifariki mwezi uliopita. Binti yake, Mei, alinipigia simu mwenyewe, mimi nikiwa kazini, nimeshika kijiko cha uji wa bibi mmoja ninayemtunza. Akaniambia mazishi ni Jumamosi, Columbus, na kwamba wangependa niseme maneno mawili matatu mbele ya watu, kwa sababu mama yake alipozeeka alikuwa akinitaja. Nikasema nitakuja. Tangu hapo sikukalika. Nyumba yetu hapa Riverside, Buffalo, ni ndogo, ukitoka jikoni umeshafika sebuleni, na mume wangu aliniomba nikae chini kwa sababu namtia kizunguzungu. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilipanga kabati la viungo, nikalipangua. Maneno mawili matatu nilikuwa nayo, hayo hayakunisumbua. Lililonikaba ni moja tu: Mei hakujua nani aliandika ile barua, na mimi sikuona vipi nitasimama kando ya jeneza la mama yake nikiwa nimeificha bado.

Habari za kambi ya wakimbizi tulikotoka sitazirudia, wengine wamezieleza vizuri kuliko mimi. Nianzie Louisville, nikiwa na miaka kumi na minane, katika chumba cha ghorofa ya chini huko Highview, chenye zulia lililonuka mbwa wa watu waliohama kabla yetu. Tulikuwa Baba, mimi na wadogo zangu wawili. Baba alikuwa mtu wa kusikia. Akisikia Columbus kuna ghala linaajiri, usingizi humruka. Akisikia mtu fulani kahamia Buffalo kapata nyumba, anaanza kuuliza bei ya gari la kubebea vitu. Maboksi mawili ya vyombo hatukuyafungua kabisa, tulikula na sahani zilezile nne, na nikimuuliza Baba kwa nini, ananijibu, "Mwanangu, ya nini kufungua unachokwenda kufunga?" Mimi nami nilikuwa hivyohivyo. Shuleni nilikaa ukingoni mwa kiti, begi mgongoni, mwalimu akinitazama kama msafiri aliyekosea kituo.

Darasa la hesabu ndilo lililonikutanisha na Mei. Mwalimu alizungushia duara jekundu namba saba yangu, akauliza kama hiyo ni herufi F. Sisi tulifundishwa kuikata saba kwa mstari katikati, isije ikachanganywa na moja, na mwalimu wetu wa kambini alikuwa akikuchapa ukisahau. Mei, aliyekaa kushoto kwangu, aliinama juu ya daftari langu akacheka, si kwa ubaya. "Saba yako imevaa mkanda," akasema. Tuliongea Kiingereza, yeye chake kikiwa cha kuzaliwa nacho na changu cha kuokoteza, ila hapa nakiandika kama ninavyokikumbuka moyoni. Wiki mbili baadaye alinipeleka kwa mama yake, ambaye alihitaji mtu wa kumenya kamba wa baharini na kukatakata mboga baada ya saa za shule.

Mgahawa ulikuwa duka namba saba katika mstari wa maduka, kati ya kinyozi na duka la mashine za kufulia. Jiko lilikuwa refu na jembamba. Ukipishana na mtu, mmoja anapandisha mikono juu. Siku ya kwanza Mei alinitambulisha, "Huyu ni Neema," na mama yake, mikono imejaa unga, akanitazama, kisha akamuuliza binti yake jambo. Mei akaziba mdomo kwa kicheko. Kumbe kwa Kichina jina langu linasikika kama "mama yako," namna watu wanavyoanza kumtukana mtu barabarani. Mama alikuwa ameuliza tu: ni jina lake kweli, au mtoto wa watu anatutukana? Alipohakikishiwa ni jina, na lina maana nzuri, akainamisha kichwa kwa heshima, akaomba ruhusa ya kuniita Nini, maana hawezi kupaza sauti akisema lile lingine mbele ya wateja Wachina. Nikamweleza Mei kwamba kwetu nini ni swali. Tulicheka wote watatu. Nami nikamwita Mama Mei, kama tunavyomwita mama yeyote kwa jina la mwanawe, na akalipenda mpaka akawa anajiita hivyo kwenye simu. Kumbuka hilo la siku ya kwanza, msomaji. Yeye alisikia tusi, akauliza.

Saa tisa alasiri, kabla wateja wa jioni hawajaja, tulikula. Mayai kwa nyanya, wali, mboga za majani. Siku moja akafunua sufuria ya mchuzi na harufu ikanipiga kifuani: dagaa. Si kitu cha kufanana na dagaa, ni dagaa wenyewe, wakavu, wenye macho, wadogo kidogo kuliko wa Kigoma. Nilitokwa na machozi juu ya bakuli. Mama Mei akadhani ni pilipili, akaniletea maji, na Mei alipomfafanulia, alinijazia bakuli la pili. Tangu hapo kila Alhamisi ilikuwa siku ya dagaa. Nilikuwa na njaa ya nyumbani ambayo wali wa nyumbani kwetu haukuimaliza, na ajabu ni kwamba aliyeituliza ni mama wa Kichina. Nasema ajabu kwa sababu sisi nasi tulikuwa na yetu. Kambini tulikimbilia lori la Wachina waliojenga barabara tukiwaigiza lugha yao kwa kelele za paka, na tuliamini kabisa kwamba mbwa wakipungua mtaani, wao ndio wanajua walikokwenda. Huku Marekani imani hiyo tulikuja nayo kwenye mizigo.

Mama Furaha ndiye aliyekuwa mdomo wa kanisa letu. Mkongo wa milimani kule Kivu ya Kusini, mkubwa wa mwili na wa roho, mtu wa kukupikia ukiugua na kukusema ukipona. Ibada yetu ya Kiswahili ilifanyika alasiri katika ukumbi wa chini wa kanisa la Wamarekani, na yeye ndiye aliyetuchukua kwa gari lake. "Neema, banasema unatumika kwa Bachina?" aliniuliza mara ya kwanza, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. "Bale banakula imbwa, mwanangu. Weye kula chakula yako ya nyumbani, donc, usije ukagonjwa." Nikacheka, nikamwambia wanakula dagaa. Hakuniamini.

Sasa neno lenyewe. Katika darasa letu la wageni, mwalimu alitufungia mlango siku moja akatuambia kuna neno moja la Kiingereza la kuwatukana watu weusi, kwa sauti ni kama "niga", ambalo mtu akituita, tusinyamaze. Akaliandika ubaoni, akalifuta haraka. Nililiweka moyoni nikawa nalisubiri, na anayesubiri tusi hachelewi kulisikia. Ilikuwa Jumamosi mchana, wateja wamejaa, mvuke hauonyeshi mtu. Mama Mei alikuwa ameinua kikapu cha tambi kutoka kwenye maji yanayochemka, mikono yote miwili imejaa, akanigeukia kwa kidevu. "Nei-ga!" akasema. Nikaganda. "Nei-ga, nei-ga, nei-ga…" Kidevu kinanielekea usoni, uso umekunjamana. Mei hakuwepo. Nilivua aproni nikaiweka juu ya kamba ambao sijawamenya, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu: kwamba nilimpenda mama huyu, nikala kwake nikalia, kumbe ndivyo anavyoniita.

Mama Furaha alikuwa pale jirani, kwenye mashine za kufulia, anakunja mashuka. Nilimwambia. Aliliachia shuka likaanguka sakafuni.

"Ile neno? Ile yenye balimu banakatazaka?"

"Ndiyo, Mama."

"Mara moja?"

"Mara nne."

"Bon. Hapana. Sisi hatukukimbia vita juu ya kuya kutukaniwa huku." Akanikumbatia, na katika kifua chake kile kipana nililia kama mtoto. Ningemwomba asimwambie mtu. Sikumwomba.

Jumapili kanisa zima lilijua. Wazee walikubaliana mwenye jengo aandikiwe barua amwondoe mpangaji wake, watu watie sahihi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kuandika Kiingereza, kalamu ikaja kwangu. Niliandika mezani, penye makopo ya chai, Mama Furaha amesimama nyuma yangu. Niliandika kwamba mwenye duka namba 7 anawatukana watu weusi. "Weka na harufu," akasema. "Andika: chakula yabo inanuka, inaharibu nguo zetu kwa mashine." Mkono ulisita hapo. Nilijua harufu ile ni ya nini. Nilikuwa nayo kwenye nywele zangu mwenyewe kila Alhamisi. Lakini watu walikuwa wananitazama kwa fahari, mtoto wetu anayejua Kiingereza, nikaandika na harufu. Waliotia sahihi walijaza kurasa mbili. Baba naye alitia, kisha akaniambia njiani, "Hata hivyo huku hatukai."

Barua hiyo ilisomwa pia na waumini Wamarekani wa kanisa la juu, nakala zikapita mikononi. Sikujua zilikofika. Ninachojua ni kwamba kabla ya wiki kwisha mtu alivunja kioo cha mgahawa na kuandika kwa rangi nyekundu ukutani: rudini kwenu. Hakujulikana mpaka leo. Nilipita pale asubuhi nikienda shule, mbao zimepigiliwa badala ya kioo, na maneno yale nikayatambua. Ndiyo tuliyotupiwa sisi kituo cha basi na vijana ndani ya gari, tena kwa sauti ya kucheka. Sisi tulikuwa tumelalamika kuhusu neno moja, na kumbe kuna watu walikuwa wamekaa wanangoja tu mlango ufunguliwe.

Mei alikuja darasani, akakaa kushoto kwangu palepale. Hakuniuliza kwa nini sirudi kazini. Wakati wa chakula cha mchana nilimfuata uani, sijui kwa nini, pengine nimgombeze, pengine nimpe pole. Alikuwa kwenye simu na mama yake, anazungumza Kichina kasi kasi, halafu akakwama. Akatazama juu. Akapiga paji la uso kwa vidole. "Nei-ga," akasema, "nei-ga, nei-ga…" Macho yamefumbwa, vidole vinazunguka hewani vikitafuta. Uso ule nilikuwa nauona kila siku ya maisha yangu. Ndio uso wa Baba akisahau jina la barabara, ndio uso wa Mama Furaha akitafuta funguo zake.

Alipokata simu nikamuuliza nei-ga ni nini.

"Si kitu. Ni 'ile.' Ni neno la kutafutia neno."

"Nanii," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nanii. Ndivyo tunavyosema sisi. Nipe ile nanii." Na nikaona kikapu cha tambi, mikono iliyojaa, kidevu. Nyuma ya kichwa changu, kwenye msumari, palikuwa pananing'inia kichujio. Mama yule alikuwa anaungua na ananiomba nanii, na mimi nilivua aproni nikaondoka. Kwetu tunasema kuuliza si ujinga, tunawaimbia watoto tangu hawajaota meno. Mimi sikuuliza. Mei alinitazama kwa muda mrefu, nikafikiri ananisubiri nimalize, nikakosa kumaliza. Kengele ikalia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani nimeazimia. Wakati wa ushuhuda ulipofika nilisimama. "Bwana asifiwe," nikasema, wakaitikia amen, na nyuso zote zikanigeukia, Mama Furaha amenitabasamia. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: yule mama hakunitukana, nilikosea. Mwenye jengo alikuwa hajaamua bado. Pengine barua ya pili ingemfikia. Mdomo ukafunguka, nikajisikia namshukuru Mungu kwa kutulinda safarini na kwa afya ya wadogo zangu. Nikakaa. Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini ile ya kukaa kwenye kiti kile cha plastiki huku watu wananipigia makofi, hiyo haijapoa. Siku kumi baadaye palibandikwa karatasi kwenye mlango wa duka namba saba: limefungwa. Mei akahamishwa shule. Na Baba, kwa mara ya kwanza, alisikia habari akazifuata kweli. Maboksi yale mawili yakaingia garini kama yalivyotoka, tukaenda Columbus.

Columbus tulikaa miezi saba. Siikumbuki vizuri, nakumbuka kutembea. Nilitembea mpaka viatu vikatoboka, kwa sababu nikikaa nilikuwa naona ule mlango. Siku moja, theluji ikiyeyuka, niliingia katika duka kubwa la vyakula vya Asia kutafuta unga wa muhogo, na kwenye rafu za samaki wakavu nikamwona Mama Mei. Alikuwa amekonda. Ameshika pakiti ya dagaa kwa mikono miwili, ameinusa kupitia nailoni, akafumba macho. Kisha akairudisha kwenye rafu, akainyoosha vizuri ilingane na zile nyingine, akafuta vidole kwenye koti. Nilitaka kukimbia. Akageuka akaniona. Uso wake wote ulifunguka, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaanza kulitafuta jina langu lililompotea. "Nei-ga," akasema, "nei-ga, nei-ga…" Nilisimama pale nikalisikia mpaka mwisho, safari hii. Halafu likamjia, si lile la mkato, lile lenyewe, akalipaza kwa furaha: "Ni-ma!" Vichwa vya Wachina vikageuka kwenye njia nzima, mzee mmoja akaguna, na yeye akaziba mdomo, akacheka mpaka akainama. Nami nilicheka. Nilicheka badala ya kusema. Kwa Kiingereza chake kidogo akaniambia anapika kwa binamu yake, Mei anasoma vizuri, na mimi nimekonda, nile. Akanipapasa shavu akaenda zake. Kabla mwaka haujaisha Baba alisikia Buffalo, na theluji ya kwanza ikatukuta Lower West Side, katika nyumba yenye ngazi zinazolia, maboksi mawili chini ya dirisha. Hapo niliyafungua mwenyewe, Baba akiwa kazini. Nilichoka.

Mei alinipata kwenye simu miaka mingi baadaye. Salamu za sikukuu, picha za watoto, basi. Kwa hiyo Ijumaa ile, siku moja kabla ya mazishi, niliendesha kutoka Buffalo mpaka Columbus, na kwa kuwa kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu, kiti cha pembeni kilikuwa na mfuko wa dagaa wa Kigoma niliotumiwa na shangazi. Nilifika alasiri. Mei alikuwa jikoni, nywele zimeingia mvi upande mmoja, anakata nyanya. Nilimpa pole. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama na koti, kabla sijapoa, kabla mdomo haujapata nafasi ya kumshukuru Mungu kwa safari njema: "Ile barua ya Louisville niliandika mimi."

Hakuacha kukata. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku mwenye jengo alipotuletea nakala. Mama hakujua kusoma Kiingereza, akanipa mimi. Duka namba saba, saba imeandikwa mara tatu." Akaweka kisu chini, akachora hewani kwa kidole, na mwisho akapitisha mstari katikati. "Zote zimevaa mkanda."

Alikuwa amekaa kushoto kwangu wiki zile zote akijua. Nikamuuliza kwa nini hakunisema.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

"Na Mama? Ulimwambia?"

"Aliniuliza barua inasema nini. Ningemwambia kwamba Nini amesema anawatukana watu? Alikuwa anakupenda." Akajifuta mikono. "Nilimsomea mstari mmoja tu. Nilimwambia wanasema chakula chetu kinanuka."

Nilikumbuka pakiti ile, jinsi alivyoinyoosha kwenye rafu. Nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nimeshalijua, kama mama yake alipika tena dagaa.

"Hakupika tena," Mei akasema. "Hata alipokuwa na nyumba yake mwenyewe. Alikuwa anaogopa majirani."

Nililia, na hakunibembeleza, na sikustahili. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alisema kesho nitakaposimama niyaseme yote, kama nilivyoyasema sasa, na asiyependa atoke nje. Nikamwambia nitasema. Halafu akauona mfuko mkononi mwangu, akaufungua, akainamisha pua ndani, akakaa hivyo kidogo. Akanionyesha sufuria iko wapi. Niliwasha moto, nikamimina mafuta, kitunguu, dagaa, na harufu ilipoanza kupanda mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye dirisha, kulifunga, kwa mazoea ya watu tuliozoea kusemwa. Mei akanishika mkono. Alilifungua dirisha lile mpaka mwisho, akaenda sebuleni akafungua la huko, kisha akafungua na mlango wa mbele, ukabaki wazi kuelekea barabarani.